Shamba la Mwisho wa Mfereji

Saa moja na dakika ishirini jioni, fundi wa kuchomelea vyuma karibu na soko la Kibuye aliinua kinyago chake, akaitazama balbu iliyoning'inia juu ya mlango wa karakana, kisha akaiweka rodi chini. Lango la nyumba yangu lilikuwa limelazwa juu ya vigogo viwili, bawaba moja imeshikana na nyingine bado. Sikuona sababu ya kusimama. Stima haikuwa imepotea. Redio ya jirani yake iliendelea kuimba na taa za barabarani zilikuwa zimeshawaka.

"Imechoka, mwalimu," akaniambia. "Tungoje."

Nilipoonekana kutoelewa, alinionyesha. Aligusisha ncha ya rodi kwenye chuma, na badala ya ule mwale mweupe unaomfanya mtu ageuze uso, ikatoka cheche ndogo nyekundu, rodi ikanata palepale, ikambidi aizungushe kwa nguvu mpaka ikang'oka. Kisha akanyoosha kidole juu. Balbu ile ilikuwa ya kizamani, yenye uzi ndani, na alikuwa ameiacha makusudi kwa sababu hizi mpya hung'aa vilevile hata umeme ukipungua, ilhali ile ya uzi humwambia mapema. Wakati huo ilikuwa na rangi ya kiini cha yai.

"Huwa hivi kila jioni?"

"Jioni nyingi. Ikifika saa tatu na nusu, watu wakishapika, inaamka."

Nilikwenda nyumbani bila lango, na neno lile likakataa kuniacha kwa wiki kadhaa.

Kupotea na kuchoka

Sisi wakazi wa Kisumu tunajua kuhesabu siku ambazo stima imepotea. Sote tunaukumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya nchi ilipoingia gizani, na nyingine zilizofuata kabla mwaka ule haujaisha. Usiku wa namna hiyo huwa na tarehe, huwa na taarifa kwa vyombo vya habari, na waziri huitwa kuueleza. Umeme uliochoka hauna tarehe. Hakuna anayepiga simu kuripoti kwamba balbu yake imekuwa ya manjano.

Hata hivyo hasara yake ni ya kweli. Mota ya kinu cha posho ikipewa volti pungufu huku mahindi yakiwa yameshamiminwa, huvuta mkondo mwingi zaidi ili imalize kazi ileile, inapata joto, na siku moja waya zake za ndani zinaungua. Mwenye kinu hulipa fundi kuzifunga upya na kusema mota ilikuwa mbovu. Friji ya muuza samaki hufanya vivyo hivyo: injini yake inajaribu kuwaka, inashindwa, inajaribu tena, na samaki wa asubuhi ndiye anayetoa ushahidi.

Nilipoanza kuliwaza jambo hili, jibu langu lilikuwa lile la watu wengi. Nilidhani nchi haina umeme wa kutosha. Mahitaji ya kilele ya Kenya yalivuka megawati 2,300 mwaka 2025, na Rais William Ruto ameshasema hadharani kwamba kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku baadhi ya maeneo hulazimika kukatiwa. Basi nikajiambia kwamba vijengwe vituo zaidi vya kuzalisha, jambo likaisha.

Halikuisha.

Mzee na msumari

Jirani yangu mmoja alistaafu baada ya kufanya kazi ya laini za umeme kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilimpelekea swali langu siku ya Jumapili baada ya kanisa. Kwanza alinituma nikatazame transfoma ya mtaa wa fundi, nihesabu nyumba zilizounganishwa nayo sasa na nimuulize yeyote wa zamani zilikuwa ngapi ilipofungwa. Nilirudi na majibu: vyumba vya kupangisha vimejaa pale palipokuwa na bustani za sukuma wiki, na transfoma ni ileile.

Ningeweza kuishia hapo. Transfoma imeelemewa, ibadilishwe, na makala hii isingekuwapo.

"Ukiibadilisha," mzee akasema, "utakuwa umempa mtu sahani kubwa zaidi. Sufuria je?"

Akachukua msumari, akainama na kuchora kwenye udongo wa ua wake. Nukta ya kwanza ilikuwa Olkaria, kule Naivasha, ambako mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulianza kuzalisha umeme kwa mvuke wa ardhini mwaka 1981, na ambako leo hutoka sehemu kubwa ya umeme tunaotumia. Nukta ya pili aliiita Lanet, pembeni mwa Nakuru. Ya tatu Lessos, katika kaunti ya Nandi. Ya nne Muhoroni. Ya tano sisi. Kisha akazipitishia mstari mmoja, akaukazia msumari zaidi alipofika Lessos, na akaniuliza kama nimewahi kulima Ahero.

Mama yangu alilima mpunga katika skimu ya Ahero, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa mengi. Mkulima wa mwisho wa mfereji hujua kwamba maji ya Mto Nyando yanaweza kuwa tele kule kwenye pampu na bado yakamfikia yakiwa ya kulowesha kidole tu, kwa kuwa kila aliye juu yake amefungua lango lake saa ileile. Mama aliamka saa nane usiku kumwagilia. Hakufanya hivyo kwa kupenda. Wa juu walikuwa wamelala.

"Umeme nao una msukumo," mzee akasema. "Ukisafiri mbali katika waya uliojaa, msukumo unashuka njiani, na kadiri mnavyovuta wengi ndivyo unavyozidi kushuka. Mnauita volti. Fundi wako anauita uchovu, na hajakosea."

Halafu akaniuliza swali ambalo ndilo lililoniondolea jibu langu la kwanza. Usiku wa manane, nchi ikiwa imelala, mvuke wa Olkaria huenda wapi? Nilikuwa sijui. Huachiliwa hewani, akasema, kwa sababu visima haviwezi kufungwa na kufunguliwa kila siku kama bomba la jikoni, na hakuna anayeutumia umeme wake saa hizo.

Kwa hiyo nchi ileile ina mvuke wa kumwaga saa tisa usiku na balbu ya manjano saa moja jioni. Nilirudi nyumbani nikiwa na maswali mengi kuliko niliyokwenda nayo.

Waya uliogeuka

Jambo moja katika mchoro ule lilinishughulisha kuliko mengine. Mzee alipochora mstari kutoka Olkaria kuja kwetu, alianzia mashariki. Lakini mstari wenyewe, alisema, haukujengwa kwa safari hiyo.

Bwawa la Owen Falls huko Jinja, Uganda, lilifunguliwa mwaka 1954, na Kenya ikakubaliana kununua megawati 30 kutoka humo. Mwaka 1958 umeme huo ukaanza kupita katika laini ya kilovolti 132 kutoka Tororo, ukivuka Lessos na Lanet hadi Nairobi. Katika mpango ule, magharibi mwa Kenya palikuwa njiani. Umeme ulitoka ziwani, kwenye chanzo cha Nile, ukapita juu ya mashamba yetu kwenda kuwasha mji mkuu.

Baadaye yakaja mabwawa ya Mto Tana, ukaja mvuke wa Olkaria, na uzito wa uzalishaji ukahamia upande wa pili. Tuliokuwa karibu na chemchemi tukajikuta mwisho wa mfereji bila kuhama hata hatua moja.

Nimelifikiria sana hili. Mji haukosi umeme kwa sababu umekuwa mkubwa tu. Hukosa pia kwa sababu waliochora mistari ya kwanza walikuwa wakifikiria mji mwingine, na mstari ukishachorwa kwa chuma hudumu kuliko sababu iliyouleta.

Vilivyo karibu

Msomaji wa huku atauliza kuhusu Sondu, nami nilimuuliza mzee. Kituo cha Sondu Miriu kina megawati 60 na kilianza kazi mwaka 2008. Maji yanayotoka humo huenda kuzungusha mitambo mingine ya megawati 21 pale Sang'oro. Ni vyetu, viko mlangoni. Lakini Sondu Miriu haina bwawa kubwa la kuhifadhi maji. Hutegemea mto unavyokuja, ukipitishwa katika handaki la zaidi ya kilomita sita, na mto huo huanzia misitu ya Mau. Miezi ya kiangazi mto ukikonda, megawati 60 hubaki kwenye karatasi. Ndiyo maana siwezi tena kusikia habari za kukatwa kwa Mau nikadhani ni za watu wa Narok na Nakuru peke yao.

Kuna Muhoroni pia, ambako turbini iliyoondolewa Embakasi, Nairobi, iliwekwa mwaka 2016. Huchoma mafuta, na kila lita hujitokeza katika ankara zetu sote. Kwa muda mrefu sikuelewa kwa nini nchi yenye mvuke ichome mafuta. Sasa naelewa kwamba mtambo ule ni kama mtu aliyewekwa katikati ya kilima kuusukuma mkokoteni: kazi yake kubwa ni kuuinua msukumo wa umeme karibu na mwisho wa laini, mahali ambapo umeme wa bei nafuu hufika ukiwa umechoka.

Na Uganda bado ipo. Jioni nyingi sehemu ya umeme wetu huvuka mpaka kutoka upande wa Tororo. Ujirani huo ni mwema, lakini jirani naye ana miji inayokua.

Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji Desemba 2021, wengi wetu tuliwapongeza kwa utani wa ndugu. Ukiitazama kwa jicho la umeme, Nakuru imekaa jikoni: Olkaria iko katika kaunti yake, na juu ya mji wenyewe, Menengai, kituo cha kwanza cha megawati 35 kilianza kazi mwaka 2023. Siwaonei wivu. Ninachosema ni kwamba majiji mawili yanaweza kukua kwa kasi ileile, yakalipa bei ileile kwa kila tokeni, na bado moja likawa kwenye pampu na jingine kwenye shamba la mwisho.

Mlango mmoja

Kuna laini mpya. Mkopo wa Japani kwa ajili ya laini ya Olkaria, Lessos na Kisumu, takriban kilomita 300, ulitiwa saini Desemba 2010, na umeme wake ulikuja kufika Kibos, pembeni mwa Kisumu, baada ya zaidi ya muongo mmoja. Sehemu ya kuja kwetu imejengwa kwa kilovolti 220. Ukiongeza volti maradufu, mkondo unaohitajika kubeba nguvu ileile hupungua nusu, na kinachopotea njiani kama joto hupungua hadi robo. Mzee alipolieleza hili uso wake ulichangamka kama mtu anayesimulia harusi.

Lakini alinirudisha kwenye udongo na kunionyesha pale alipoukazia msumari. Laini ya zamani hupita Lessos. Laini mpya hupita Lessos. Mifereji imekuwa miwili, mlango mkuu ni mmoja. Siku Lessos ikipata hitilafu, haijalishi tuna waya mnene kiasi gani.

Hapo ndipo nilipokumbana na kumbukumbu isiyonipendeza. Oktoba 2024 serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya Adani ya India wa kujenga laini kadhaa za umeme. Nilikuwa miongoni mwa waliopinga, na sababu zangu bado nazishikilia: mambo mengi hayakuwekwa wazi, na mahakama iliona vyema kuusimamisha. Tarehe 21 Novemba 2024, Rais alipolitangazia Bunge kwamba ameufuta, baada ya mashtaka dhidi ya mwenye kampuni kuwasilishwa Marekani, nilishangilia sebuleni.

Sikuwa nimesoma orodha. Ndani yake kulikuwa na laini ya Rongai, Keringet na Chemosit, ambayo ingeleta umeme kutoka upande wa Nakuru hadi Kericho bila kupitia Lessos. Kulikuwa na kituo cha Thurdibuoro, hapa Nyakach, mwendo mfupi tu kutoka shamba la mama yangu. Mlango wa pili ulikuwa katika karatasi ileile niliyofurahi kuona ikichanwa.

Sisemi kwamba mkataba ule ungebaki. Ninachojilaumu ni kwamba nilipomaliza kushangilia sikuuliza tena. Sikuandika mstari mmoja kudai laini ile ijengwe kwa njia iliyo safi. Nilijua ninachokikataa, na nikadhani nimemaliza kazi ya raia.

Boma la shangazi

Sijafika kwenye kilichoninyima usingizi hasa.

Miaka kadhaa iliyopita laini moja ya nguvu kubwa ilipimwa, na vigingi vyekundu vikapita katika boma la shangazi yangu, dada yake baba, mjane anayeishi chini ya milima ya Nandi. Laini ya kilovolti 220 huhitaji ukanda wa mita 40 ambamo hakuna nyumba wala mti mrefu. Shamba hubaki lako na hatimiliki hubaki na jina lako. Unaweza kupanda maharagwe na mahindi. Lakini mikaratusi yake, ambayo ndiyo iliyokuwa ikilipa karo ya wajukuu, ilikuwa ndani ya ukanda. Nyumba yake ilikuwa ndani. Kaburi la mume wake lilikuwa hatua nane kutoka ukingoni.

Mpimaji alikuwa kijana mwenye adabu. Alihesabu miti, akapima kuta, akauliza paa lina mabati mangapi. Hakuwa na safu ya kuandika kwamba mjane wa Kijaluo hahamishi dala, yaani boma lake, kama mtu anayehamisha kibanda cha kuku. Kwamba boma jipya lina jogoo wake, shoka lake na mwana wa kiume wa kwanza, na kwamba mwana huyo alikuwa ameshazikwa. Malipo yaliyoandikwa yalikuwa ya mabati.

Mimi ndiye niliyemwandikia barua za kupinga. Niliandika tatu, kwa Kiswahili cha kuchagua maneno, na nilijivunia kila moja. Kazi katika sehemu ile ilisimama kwa miezi mingi. Hatimaye waliusogeza mnara kidogo, nyumba ikahama umbali mfupi ndani ya boma lilelile, mikaratusi ikakatwa, na pesa zikaja zikiwa zimechelewa.

Sikuwahi kuziunganisha hizi picha mbili mpaka jioni ile ya Kibuye. Barua zangu zilikuwa za haki. Miezi ile iliyopotea nayo ilikuwa miezi ya mota zilizoungua katika mji ninaoishi. Nilipomwambia mzee, nilitarajia aniambie ama nilikosea au nilifanya vyema, nipumzike. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema kwamba katika kazi yake yote hakuwahi kuona laini iliyocheleweshwa na mtu aliyelipwa vizuri na mapema. Waliochelewesha ni wale ambao mtu aliwafikia akiwa na kigingi kabla ya kuwafikia na salamu.

Nimelishika hilo. Tunapokadiria gharama ya kuuletea mji umeme mpya, tunahesabu chuma, waya na riba ya mkopo, na ardhi tunaiweka mwishoni kama kitu cha kupitia tu. Ningeitaka iwe ya kwanza. Ningetaka mpimaji aje na mtu anayejua lugha ya boma, na fedha ziwe benki kabla ya kigingi cha kwanza, kwa sababu ndiyo heshima na, nimekuja kuamini, ndiyo njia fupi zaidi.

Jumamosi

Nilikwenda kumwona shangazi mwezi uliopita. Alinipikia samaki kwa kuni. Waya zilikuwa juu yetu, zikivuma ule mvumo mdogo unaosikika zaidi kukiwa na ukungu, na chini yake maharagwe yalikuwa yameshika vizuri. Nyumbani mwake kuna taa moja ya sola. Umeme wa juu hauwezi kushushwa pale bila kituo cha mamilioni mengi, na nguzo za kawaida bado ziko upande wa pili wa kijito.

Nilitaka kumwomba msamaha, sijui hata kwa lipi. Badala yake nilimweleza habari za fundi na ile balbu yake. Alisikiliza akichambua miiba.

"Kwa hiyo hii," akasema, akielekeza kidevu juu, "inakwenda kwenu?"

"Sehemu yake, shangazi."

Tangu siku hiyo hunipigia simu jioni mbili tatu kwa wiki, mida ya saa mbili. Haanzi na salamu ndefu kama zamani. Huniuliza imefikaje. Nimenunua balbu ya uzi na kuifunga jikoni, ili nikimjibu nisimdanganye. Jana nilimwambia ilikuwa nyeupe mpaka saa mbili kasorobo, kisha ikaanza kugeuka.

"Nani amefungua lango huko juu?" akauliza, kwani naye alilima Ahero.